Daftari la Tangi la Pili

Agosti, Mpunguzi. Upepo umeamka kabla yetu,
umeshafagia uwanja kwa vumbi lake mwenyewe.
Baba anapasua zabibu moja kwa jino,
anatemea mbegu kiganjani, anazigeuza: kahawia.
"Kesho," anasema.
Kile kipimo cha sukari
nilichokinunua kwa mkopo wa VICOBA
kinasema keshokutwa.
Tunakata kesho.

Saa kumi na moja alfajiri, tochi za simu kwenye safu,
mikasi inatafuna vikonyo gizani,
na mama, asiyependa kuharakishwa,
anakitoa kila kichala kama anayemvua mtoto shati:
taratibu, mkono huu kwanza.
Kreti thelathini na nane kabla jua halijauma.
Ya thelathini na tisa ina Malogo ndani,
mpwa wangu, mlinzi wa ndege, amelala fofofo,
debe lake tumboni,
na kweleakwelea wanakula safu ya mwisho bila hofu
kama wajumbe kwenye kikao chenye posho.

Dalali alifika saa nne, hakushuka kwenye pikipiki.
"Mia sita kwa kilo."
Mwaka jana tungepokea na kusema asante,
maana zabibu iliyokatwa ni kama maziwa,
haijui kungoja bei.
Mwaka huu baba alimwonyesha tangi,
lile jeusi la lita elfu, lililokuwa la maji ya kisima,
nililolisugua siku tatu mpaka kucha zikalainika.
Dalali akacheka.
Kicheko chake nimekiandika pia,
ukurasa wa nne, chini ya gharama.

Siku ya kwanza: kimya.
Siku ya pili: weka sikio. Ndani kunanyesha manyunyu,
mvua pekee tuliyoisikia tangu Aprili.
Siku ya tatu: maganda yamepanda juu.
Tunayazamisha kwa mwiko mrefu wa mninga,
yanapanda tena, kama deni.
Siku ya nne, usiku, umeme ukakatika.

Feni mbili zikasimama, moja ikiwa imemwelekea baba
kama mtu aliyekatizwa neno.
Nyuzi thelathini na tatu. Thelathini na nne.
Chachu ikiungua, tutakuwa na siki ya kijiji kizima.
Tukavua magunia kwenye paa la banda,
tukayalowanisha, tukalivika tangi
kama mgonjwa wa homa.
Jirani Sechelela akaja na ndoo zake, na shemeji zake, na maneno yake.

Saa saba usiku taa ya pikipiki ikakata uwanja.
Ndahani. Kaka yangu. Miaka mitatu mjini,
tangu siku alipomwambia baba zabibu ni utumwa wenye majani.
Hakusalimu.
Akavua viatu vya ofisini, akavipanga mlangoni,
akashika ndoo.
Baba hakumwuliza kitu.
Walipokezana maji hadi jogoo la kwanza,
na nilichosikia ni ndoo tu,
mkono kwa mkono,
ndoo ndiyo iliyozungumza.
Thelathini na moja. Ishirini na tisa.
Nikaandika saa. Mwandiko wangu hapo hausomeki.

Wiki iliyofuata tulikamua, makapi tukayamwaga nyuma ya zizi.
Yule jogoo akala, akawika saa nane mchana,
akawika tena akiwa ameegemea ukuta.
Malogo alicheka mpaka akakaa chini.

Mama huimba kwaya sauti ya pili,
na mvinyo anaoujua ni wa kikombe cha madhabahuni.
Tulimpa kijiko kimoja.
Akafumba macho, akameza, akanyamaza muda wa beti nzima.
"Mkali," akasema.
"Kama baba yenu alipokuja kuposa.
Uacheni ukae."

Oktoba. Joto. Mvua bado.
Tangi la pili: lita mia nne na tisini.
Dalali amepiga simu mara mbili.
Viatu vya Ndahani vingali mlangoni, vimejaa vumbi.
Yeye yuko shambani, anapogoa.
Kila anayefagia anavizunguka.